Je, mvua inaisha? Namna ya kusoma takwimu za miaka 38 za kituo kimoja

"Mimi ni afisa ugani katika eneo kame lenye misimu miwili ya mvua. Nimepata takwimu za mvua za kituo cha hali ya hewa kilicho jirani nasi kuanzia 1985 hadi 2022, nikajumlisha mvua ya kila mwaka na kuchora mstari wa mwelekeo kwenye kompyuta. Mstari unashuka. Wazee nao wanasema hivyohivyo, kwamba masika ya siku hizi si ya zamani. Lakini wataalamu wanatangaza kuwa Afrika Mashariki itapata mvua nyingi zaidi kadiri dunia inavyopata joto, na mwishoni mwa 2023 sisi wenyewe tulikumbwa na mafuriko. Nani mkweli? Na je, niwashauri wakulima waachane kabisa na mahindi kwa sababu mvua inaisha?"

Ndugu msomaji, naona kinachokusumbua zaidi ni uamuzi unaosubiri nyuma ya hiyo grafu: watu watapanda nini msimu ujao kwa kutegemea neno lako. Kwa hiyo nitatanguliza jibu, sababu zifuate. Grafu yako peke yake haitoshi kukuruhusu useme kwamba mvua inaisha. Wazee wako wana haki katika wanayoyasema kuhusu masika, wanaotabiri ongezeko la mvua nao wana hoja yenye msingi, na mafuriko ya 2023 hayampingi yeyote kati yao. Maneno haya yanaonekana kugongana kwa sababu kila mmoja anazungumzia jambo lake: wewe umejumlisha mwaka mzima, wazee wanakumbuka msimu mmoja, na modeli za tabianchi zinaangalia miongo ijayo katika eneo kubwa mno kuliko kata yako.

Tuanze na mstari. Umeukomesha 2022, na hapo ndipo penye mtego. Pembe ya Afrika, pamoja na sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Kenya, ilipitia misimu mitano mfululizo yenye mvua haba: vuli ya 2020, masika ya 2021, vuli ya 2021, masika ya 2022 na vuli ya 2022. Mfululizo wa namna hiyo haukuwa umeonekana kwa angalau miaka 40. Mstari wa mwelekeo unaochorwa na programu za kawaida za majedwali huvutwa sana na tarakimu zilizo kwenye ncha zake, kwa hiyo takwimu zinazokomea kwenye ukame kama ule hutoa mstari unaoshuka hata kama miaka 30 ya katikati haikuelekea popote. Ongeza 2023 na 2024 uone. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida, ikamwaga mvua kupita kiasi, na masika ya 2024 nayo yakaleta mafuriko Kenya na Tanzania. Sitashangaa mstari wako ukilala. Lipo jaribio jepesi ambalo kila mchambuzi anapaswa kulifanya kabla ya kumwonyesha mtu grafu yake: ondoa miaka mitatu ya mwanzo, chora upya, irudishe, ondoa mitatu ya mwisho, chora tena. Mwelekeo unaogeuka kila unapokatwa ncha haufai kubebeshwa uamuzi wa shamba la mtu.

Kuna pia suala la jinsi mvua inavyopanda na kushuka kati ya mwaka na mwaka. Tuchukue mfano wa kituo chenye wastani wa milimita 600 kwa mwaka na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi miaka inavyotofautiana na wastani) wa milimita 200, hali ambayo si ngeni katika maeneo kame. Ukifanya hesabu kwa miaka 38, kosa sanifu la mteremko wa mstari linakaribia milimita 3 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba hata mvua isiyo na mwelekeo wowote inaweza, kwa bahati tu, kukupa mstari unaoshuka milimita 3 kila mwaka, yaani zaidi ya milimita 100 toka mwanzo hadi mwisho, na ukiutazama kwa macho utaapa kwamba umeona janga. Ili uanze kuuamini, mteremko huo ungepaswa kukaribia milimita 6 kwa mwaka. Ndiyo maana wachambuzi wengi hutumia jaribio la Mann-Kendall, ambalo hulinganisha kila jozi ya miaka na kuhesabu ni mara ngapi mwaka wa baadaye ulipata mvua zaidi au pungufu kuliko uliotangulia, pamoja na mteremko wa Sen, ambao ni thamani ya katikati ya miteremko ya jozi hizo zote. Faida yake ni kwamba mwaka mmoja wa ajabu, kama 1997, hauwezi kuuteka uchambuzi mzima.

Hata hivyo, hakuna hesabu itakayoponya takwimu mbovu, kwa hiyo rudi kwanza kwenye daftari la kituo. Hapa ningekusihi utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote, ingawa ndiyo kazi ambayo watu huiona haina heshima. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, na kiasi kinachoandikwa ni cha saa 24 zilizotangulia. Msomaji wa kituo akiugua, au akisafiri, siku hizo zinapaswa kuachwa wazi. Lakini mara nyingi anayeingiza takwimu kwenye kompyuta baadaye hukuta nafasi tupu akajaza sifuri. Sifuri inasema kwamba kipimo kilisomwa na mvua haikunyesha, ilhali nafasi tupu inasema kwamba hatujui. Miezi michache ya masika iliyojazwa sifuri za namna hiyo inatosha kuzalisha "ukame" ambao haukutokea. Tazama pia Jumapili na Jumatatu. Ukiona Jumapili nyingi zina sifuri na Jumatatu zinazofuata zina kiasi kikubwa kuliko kawaida, jua kwamba kipimo kilikuwa hakisomwi siku ya mapumziko, na kwamba mvua ya siku mbili imeandikwa kama ya siku moja. Jumla ya mwaka haitaharibika kwa kosa hilo, lakini hesabu ya siku za mvua na ya mvua kubwa itaharibika.

Uliza vilevile kama kituo kiliwahi kuhamishwa, kama kipimo kilibadilishwa, na kama mwembe uliokuwa mche 1985 sasa umekikinga kipimo upande mmoja. Njia ya zamani na nzuri ya kugundua mambo haya ni kujumlisha mvua ya kituo chako mwaka juu ya mwaka, kufanya vivyo hivyo kwa wastani wa vituo jirani, kisha kuchora jumla moja dhidi ya nyingine. Vituo vinavyopata mvua ya hali moja hutoa mstari ulionyooka. Penye kona, ujue kuna kilichotokea kituoni kwako ambacho hakikutokea angani. Unaweza pia kulinganisha na makadirio ya setilaiti kama CHIRPS, yanayoanzia 1981 na kugawa nchi katika vipande vya takriban kilomita 5 kwa 5, au TAMSAT, yanayoanzia 1983. Yatumie kwa tahadhari. Setilaiti haioni matone ya mvua. Inapima ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha makadirio hurekebishwa kwa vipimo vya ardhini. Idadi ya vituo vinavyotoa taarifa katika sehemu nyingi za Afrika imepungua tangu miaka ya 1980, na mabadiliko hayo peke yake yanaweza kuingiza mwelekeo bandia.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha swali lako. Ukijumlisha mvua ya mwaka mzima, unachanganya masika na vuli, misimu miwili yenye tabia tofauti na inayoongozwa na nguvu tofauti. Mvua za masika, Machi hadi Mei, zilipungua katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010. Upungufu huo ulitokana zaidi na msimu kuwa mfupi, kwa maana ya mvua kuchelewa kuanza na kuwahi kukoma, kuliko na mvua ya kila siku kuwa nyepesi. Baada ya hapo yakaja masika yenye mvua nyingi sana, kama ya 2018 na 2020, yaliyochanganyika na mengine makavu. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, kwa jumla hazikupungua, na katika maeneo mengi zimeelekea kuongezeka, ingawa hupanda na kushuka kwa kishindo. Kama kata yako inategemea masika kwa mahindi, wazee wanaposema mvua imepungua wanasema walichokiona mashambani mwao. Jumla ya mwaka inaweza kuficha ukweli huo au kuukuza, kutegemea vuli imeingiaje. Chora grafu mbili, moja ya kila msimu, na hesabu vuli pamoja na Januari inayofuata ikiwa kwenu mvua hizo huvuka mwaka. Wasomaji wa katikati na kusini mwa Tanzania, wenye msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, wasiyachukue maelezo haya ya masika na vuli kama yao.

Kwa nini misimu hii itofautiane hivyo? Vuli husikiliza bahari. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, iliyo jirani na pwani yetu, ikipata joto kuliko kawaida, na ile iliyo jirani na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, ikapoa, pepo huelekea kwetu zikiwa na unyevu na mvua hunyesha kwa wingi. Ndivyo ilivyokuwa 1961, 1997, 2019 na 2023. Mvua zilizoanza 1961 ziliinua maji ya Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache. El Niño mara nyingi huchochea hali hiyo. La Niña, kinyume cha El Niño, huelekea kuigeuza, na La Niña iliyodumu kwa miaka mitatu kuanzia 2020 ndiyo iliyozikausha vuli tatu za ukame ule. Masika ni magumu zaidi kueleza. Ukanda wa mvua hupita juu yetu ukielekea kaskazini pamoja na jua, na chochote kinachouharakisha hutufupishia msimu. Isitoshe, joto la magharibi mwa Bahari ya Pasifiki limeongezeka sana. Hewa hupanda kwa nguvu kule, na sehemu yake hushuka juu ya Afrika Mashariki. Hewa inayoshuka hukausha mawingu.

Modeli nyingi zinatabiri kwamba dunia yenye joto zaidi italeta mvua zaidi kwetu, hasa za vuli. Kuhusu vuli ninazisikiliza. Kuhusu masika ninazisikiliza nikiwa nimekunja uso, kwa kuwa nyingi haziigi vizuri hata hali ya sasa: huonyesha vuli kuwa na mvua nyingi kuliko masika, kinyume na tunavyoijua sisi. Modeli isiyoielezea jana sawasawa haipaswi kupuuzwa, lakini haipaswi pia kukabidhiwa kesho bila kuulizwa maswali. Historia nayo inatufundisha kutorefusha mstari kwa rula. Ukanda wa Sahel, kusini mwa jangwa la Sahara, ulikaushwa vibaya katika miaka ya 1970 na 1980, na aliyechora mstari wakati huo angesema jangwa linakuja kumaliza kila kitu. Kisha mvua ikarudi kwa kiasi fulani. Sehemu ya ukame ule ilihusiana na joto la Bahari ya Atlantiki, ambalo lenyewe liliathiriwa na uchafu wa hewa uliotoka kwenye viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini.

Nimezungumzia mvua tu hadi hapa, na ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya. Ukame ni upungufu wa maji kwenye udongo na vyanzo vyake, na maji hayo huongozwa na mvua inayoingia na vilevile na mvukizo unaotoka. Joto la dunia katika kipindi cha 2011 hadi 2020 lilikuwa juu kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko la 1850 hadi 1900. Kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hewa yenye kiu hiyo hunyonya maji kutoka kwenye udongo, majani na malambo. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haujapunguzwa lakini bei za sokoni zimepanda anaielewa hali hii bila kuelezwa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipouchambua ukame wa 2020 hadi 2022, taarifa yao ya Aprili 2023 ilikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliyosababishwa na binadamu yaliufanya ukame wa kilimo wa kiwango kile uwe na uwezekano wa kutokea takriban mara 100 zaidi. Sababu kubwa waliyoitaja ilikuwa joto lililoongeza mvukizo. Katika vuli zenyewe mabadiliko ya tabianchi yalielekea kuongeza mvua, La Niña ikalifuta ongezeko hilo.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Programu za uchambuzi wa ukame zina fahirisi inayoitwa SPI, inayotumia mvua pekee, na nyingine inayoitwa SPEI, inayotoa mvukizo unaowezekana (maji ambayo hewa ingeweza kuyanyonya kama yangekuwepo) kwenye mvua kabla ya kukokotoa. Zote husomwa kwa kipimo kimoja: sifuri ni hali ya kawaida ya mahali penyewe, hasi 1 ni mwanzo wa ukame wa wastani, hasi 1.5 ni ukame mkali, na hasi 2 ni ukame uliokithiri ambao kwa kawaida hautarajiwi zaidi ya mara mbili au tatu katika miaka 100. Zinahitaji angalau miaka 30 ya takwimu, nawe unayo. Kokotoa kwa miezi mitatu ukitaka kuona hali ya mazao, na kwa miezi 12 au zaidi ukitaka kuona mabwawa na visima. Ukikuta SPI imetulia miaka yote ilhali SPEI inazidi kuzama, basi eneo lako linakauka kwa joto bila mvua kupungua, na huo ni ushauri tofauti kabisa kwa mkulima. Jihadhari na jambo moja: njia ya kukadiria mvukizo inayotumia joto la hewa pekee huutia chumvi ukame, kwa hiyo kama kituo kina takwimu za upepo, unyevunyevu na jua, tumia njia inayozihusisha zote.

Tazama pia ndani ya msimu. Mahindi hayajui jumla ya milimita. Yanachojua ni kama udongo ulikuwa na maji wakati mbelewele na ndevu zinapotoka. Wiki mbili kabla na mbili baada ya hapo zikiwa kavu, mazao yanaanguka hata kama jumla ya msimu ni ya kuridhisha. Kwa kila mwaka andika tarehe ya kuanza kwa mvua, tarehe ya kukoma, idadi ya siku zenye angalau milimita 1, na mfululizo mrefu kuliko yote wa siku kavu kati ya tarehe hizo. Kanuni moja inayotumika kutambua mwanzo wa msimu ni milimita 20 ndani ya siku mbili au tatu, bila kufuatwa na ukavu mrefu ndani ya mwezi huo. Kanuni yoyote utakayochagua, itumie ileile miaka yote.

Kuhusu mahindi, basi, nisingewaambia wakulima waachane nayo moja kwa moja kwa ushahidi ulionao. Kama takwimu zako zitathibitisha kwamba masika yamefupika, kuna sababu nzuri ya kupunguza eneo la mahindi ya muda mrefu katika msimu huo, kutumia mbegu zinazokomaa mapema, na kuhamishia uzito kwenye vuli, ambayo pia hutabirika vizuri zaidi. Mtama hustahimili ukavu kuliko mahindi, lakini ndege wa kwelea kwelea wanaujua kuliko sisi, na soko lake katika sehemu nyingi ni jembamba. Anayemshauri mkulima ahamie huko bila kumtajia hayo hamtendei haki. Mbaazi na kunde zinafaa kuchanganywa. Matuta ya fanya juu na uvunaji wa maji vinasaidia katika hali zote mbili, mvua iwe imepungua au imekuwa ya vishindo, na ndiyo maana mimi huvitanguliza pale ushahidi unapokuwa na mashaka. Utabiri wa msimu utumie kwa maana yake halisi: ukitangaza uwezekano wa asilimia 45 wa mvua chini ya wastani, bado kuna asilimia 55 ya kupata ya wastani au zaidi, na si haki kumlaumu mtabiri au kuuza ng'ombe wote kwa tangazo hilo.

Yapo mambo ambayo usiyaamue kwa grafu yako wala kwa jibu langu. Kuchimba lambo, kuanzisha skimu ya umwagiliaji au kuchimba kisima kirefu kunahitaji mtaalamu wa maji afike, apime mtiririko na maji ya chini ya ardhi, kwa sababu mvua ya kituo kimoja haikuambii hayo. Na kama malisho yamekwisha na mifugo imeanza kudhoofika sasa hivi, usisubiri uchambuzi ukamilike. Peleka taarifa leo kwa ofisi ya wilaya au kaunti, na kwa walio Kenya, kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, iliyo na maofisa katika kaunti kame. Kwa takwimu zenyewe, nenda ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu ukiwa na majedwali yako ya siku, si ya mwaka. Omba historia ya kituo: kilipoanzishwa, kilipohamishwa, nani alikuwa akikisoma na miezi ipi haikusomwa. Omba pia vituo viwili au vitatu vya jirani kwa kipindi kilekile, na miaka ya 2023 na 2024 ambayo hukuwa nayo. Ukirudi na karatasi hizo, anza kwa kutenganisha sifuri na nafasi tupu; mengine yote yatasubiri.